Mama Mdogo Wako Anaisubiri Dawa Yako

Mpendwa mwanangu Nyangeta,

Naandika nimesimama. Karatasi iko juu ya kabati la vyombo, lile lile ulilokuwaga unapanda debe ili ulifikie, ufanyie hesabu zako juu yake. Kila nikimaliza mistari miwili naenda mlangoni kuchungulia kama mama yako mdogo bado yupo uani. Yupo. Anamenya mihogo. Ya kwetu ameimaliza, sasa anamenya ya jirani. Na mimi kila nikisema, "Wakuru, twende Mwanza hospitali," ananijibu bila kusimamisha kisu:

"Nasubiri dawa ya mtoto."

Mtoto mwenyewe ni wewe.

Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Nitakueleza nilivyoujua, ila kwanza nikwambie kwa nini barua hii naiandika wazi, nikishamaliza naipeleka kwenye jumuiya isomwe baada ya rozari, kabla haijakwenda posta. Hapa Makoko wanawake wengi wananijia kuuliza habari za dawa yako. Wengine wanatoka Kamunyonge. Wiki iliyopita amekuja mmoja kutoka huko Kisorya, kashuka kwenye basi na kuku mkononi, anauliza, "Kwa mama yake yule binti wa dawa ya kansa ni hapa?" Nikamwambia ni hapa. Kuku nikamrudishia, jibu sikuwa nalo. Kwa hiyo ninayokwambia wewe wayasikie na wao, na Wakuru ayasikie zaidi ya wote, maana maneno ya mdomo wangu amekataa kuyaamini.

Ukitaka kunilaumu kwamba nilijisifu mno, basi laumu. Mimi nimezaa mtoto aliyetoka Makoko, akasoma Bunda, akasoma Dar es Salaam, sasa yuko Uingereza anavaa koti jeupe na anaita ugonjwa kwa majina ambayo padre mwenyewe hawezi kuyatamka. Ninyamaze kwa nini? Mwenye ng'ombe mzuri anampitisha njia kuu watu wamwone, itakuwa mimi mwenye mtoto? Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini angalia mwandiko huu. Baba yako alikuwaga anasema ulichukua akili kwake. Mwandiko ulichukua kwangu, na ubishi ulichukua kwa Wakuru, hilo halina mjadala.

Unaikumbuka miaka ile ya shida? Wenzako huko wakikuuliza utoto wako ulikuwaje, unawaeleza nini? Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu, na muuza duka alikaa pale kwa heshima zote akizilinda. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Baba yako alikuwa na suruali moja ya kazini, kiraka juu ya kiraka, mpaka ukaniuliza suruali yenyewe ni ipi kati ya vile vitambaa. Chumvi tuligawana na jirani kwa kijiko. Na unga ndio ulikuwa habari nyingine kabisa.

Hapo ndipo anapoingia Wakuru. Wewe ulikuwa mdogo ila najua hujasahau, maana ulikuwaga unakaa kwenye jiwe pale njiani kumngoja. Kule kwake Butiama jua lilikuwa limewachoma kama sisi, lakini mihogo ilisimama. Wakuru aliichimba, akaimenya, akaivundika chini ya majani mpaka ikatoa ukungu mweusi, akaikwangua, akaianika, ikawa udaga. Kisha akaujaza kwenye beseni, akadandia lori la mtu, akaja huku kwetu Musoma. Na wakati ule kuhamisha chakula bila kibali lilikuwa kosa. Pale kwenye kizuizi mgambo alimshusha. Wakuru amelisimulia jambo hili mpaka limechakaa, lakini wacha nilirudie, maana leo nataka kucheka kidogo.

"Mama, umebeba nini?"

"Dawa ya ng'ombe."

Mgambo akachungulia, akaona vile vipande vyenye weusi weusi, akakunja pua. "Ya ugonjwa gani?"

"Wa kuhara. Onja, baba, kama na wewe unao."

Lori zima lilicheka, hata mgambo mwenyewe. Wakuru akapita. Siku ile tulikula ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, wa kuchemsha, ukalala umeshika tumbo kwa shibe. Akaja tena na tena, mpaka mvua zilipoturudia. Mwanangu, watu wakinisifia kwamba nimekulea nashukuru, nakubali, najisifu. Lakini bila beseni la Wakuru ningekuwa nimelea nini?

Sasa ngoja nikukumbushe bustani. Mshahara wa baba yako ulikuwepo, ila cha kununua hakikuwepo, kwa hiyo nikaanza kitalu cha nyanya na kabichi pale karibu na ziwa. Miche ikiwa midogo niliifunika kivuli cha nyasi, nikainywesha asubuhi na jioni. Ikikaribia kuhamishwa nikaanza kuinyima. Maji nikapunguza, nyasi nikazitoa kidogo kidogo, jua likaipiga. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Ulikuja umeshika kiuno kama mkaguzi.

"Mama, mbona unaitesa miche?"

"Siitesi, naifundisha. Kule shambani hakuna kivuli."

Hukuamini. Ukawa unakwenda kwa siri na kikopo chako, unainywesha ya upande mmoja kwa huruma. Mimi nikaona upande ule umenawiri, nikajua Mungu kanibariki. Tukaihamisha yote siku moja. Kufika adhuhuri, ile yako ililala chini yote kama imepigwa fimbo, na ile yangu ya njaa imesimama. Ulilia mpaka kamasi zikakufika kifuani. Wakuru alikuwepo, akakuvuta akakwambia, "Uliilea kama watoto wa mkurugenzi, na jua la Makoko halina adabu hata kwa wakurugenzi." Ukacheka huku unalia. Halafu ukaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: "Mama, ndani ya mche uliofundishwa kuna nini?"

Nikakujibu, "Kuna ukaidi."

Hukuridhika. Nilikuona usoni. Msimu uliofuata ukaniomba kipande chako cha kitalu, ukaweka vijiti, huku maji mengi, huku machache, huku kivuli, huku hakuna. Majirani wakasema mtoto wa fulani anacheza na matope. Nikawaambia mtaona. Na wameona!

Ndiyo maana ulipokuja likizo mwaka jana, ukatukuta jikoni mimi na Wakuru tunamenya mihogo, ukakaa kwenye kigoda na koti lako la Ulaya na kusema, "Mama, lile swali la mche, nimepata kitu kinachokaribia jibu," moyo wangu uliruka. Wacha niandike ulivyotueleza, kama nilivyoelewa, uone kama mama yako bado ana kichwa.

Ulisema mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo ambavyo jicho halivioni, na ndani ya kila seli mna protini zinazofanya kazi. Protini ni lazima ikunjwe sawasawa ndipo ifae. Ikipata joto, au njaa, au sumu, inafumuka, inajikunja hovyo, inagandamana na nyingine kama ute wa yai likichemshwa. Sasa ndani ya seli mna wasaidizi. Shida ikiingia, seli inaita wasaidizi wengi zaidi ya siku zote. Wanawashika wenzao wasianguke, wanawakunjua waliojikunja vibaya, shida ikipita kazi inaendelea. Hata kwenye mche wamo. Hata kwenye samaki.

Nikasema, "Wakuru, ni wewe huyo na beseni lako." Akachekelea, akajikohoza kama mtu aliyetajwa kanisani.

Halafu ukafika kwenye kansa. Ukasema seli ya kansa inakua kwa pupa, imebanana na wenzake, chakula hakitoshi, hewa haitoshi, kila siku kwake ni siku ya shida. Mwili wenyewe unaikataa na bado haifi, kwa sababu imejaza wasaidizi. "Inaishi kama tulivyoishi sisi miaka ile," ukasema.

Mimi nikakasirika. "Usinifananishe na kansa nyumbani kwangu."

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Lakini neno lile halikunitoka, mwanangu, mpaka leo linazunguka. Maana ninaijua nyumba ya namna hiyo. Ninajua mtu anavyofika ukingoni kabisa na mkono mmoja unamshika. Na wewe kazi yako, ukasema, ni kutafuta kamba ya kuifunga mikono hiyo. Kansa ikikosa wa kuishika, shida zake yenyewe zitaiangusha. Na dawa za siku zote, zile kali, zikiipiga wakati ule haina wa kuiokoa, zitaikomesha.

Wakuru aliweka kisu chini. Unakumbuka? "Na mimi mzima si ninao wasaidizi hao hao? Ukifunga wa kwake, wa kwangu watapona?"

Na wewe, mtoto wangu msomi, hukumdharau. Ukasema, "Mama mdogo, hilo ndilo linalotuhangaisha wote. Tunatumaini mwili wenye afya unaweza kuvumilia kwa muda bila wao, na kansa haiwezi, kwa sababu yenyewe inawategemea kila saa. Lakini kutumaini siyo kujua."

Akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeulizia habari za jirani: "Na mtu akiupasha uvimbe moto, kidogo kidogo?"

Ukamjibu kwamba kwa mtu hujui, ila kwenye vyombo vyenu vya maabara seli zikipashwa moto mdogo kwanza zinakuwa sugu, moto mkubwa ukija zinauvumilia. "Kama miche ya mama," ukasema, ukanigeukia mimi unacheka. Wakuru akanyanyuka, akasema anakwenda kuangalia ugali usiungue. Ugali ulikuwa bado haujasongwa. Maji yenyewe yalikuwa hayajachemka. Sote wawili hatukuona kitu.

Nimeona juzi. Amekuja kwa kipaimara cha mtoto wa kaka yetu, akaniomba nimsugue mgongo bafuni kama tulivyokuwaga tunasuguana wasichana. Alipogeuka nikaona titi. Lina uvimbe wa kukaa kwenye kiganja, na juu yake ngozi ina makovu, mabaka ya kuungua, ya zamani na ya karibuni. Nikaacha kumsugua.

"Wakuru, hiki nini?"

"Jiwe."

"Jiwe gani?"

"Nilikuwa naupasha jiwe la moto, nimelifunga kwenye kitambaa. Nimeacha. Tangu mtoto aliposema unafundishika, nimeacha."

Yaani alikuwa nao siku ile, Nyangeta! Alikaa pale jikoni anamenya mihogo, anauliza maswali kama ya kuuliza tu, kumbe anauliza habari za mwili wake. Ulipomjibu, akalitupa jiwe, na hapo alifanya vizuri. Lakini hospitali hakwenda. Akakaa Butiama kuisubiri kamba yako.

Nikamwambia tunaondoka kesho yake. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Nikakatwe titi na dawa iko njiani? Nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu, alisema wanatafuta. Mtoto yule akitafuta kitu hakikosi. Alitafuta sindano yangu kwenye mchanga pale ziwani akaipata."

Nikasema dawa siyo sindano. Akasema, "Sabuni je? Si ulikaa ukasema sabuni haitarudi tena mpaka tufe? Si tulisubiri? Haya nenda dukani leo. Sabuni za kila rangi, mpaka za kunukia kama maua. Sukari imejaa. Mitumba imejaa, mtu anachagua suruali mpaka anachoka. Vitu vinachelewa, dada, halafu vinakuja vyote kwa pamoja. Na dawa itakuja vile vile."

Na ndivyo ilivyokuwa kweli! Sisi watu wa umri huu tumefundishwa na miaka ile kukaa na kungoja, na kilichongojwa kikaja, kikaletwa na watu tusiowajua kutoka nchi tusizozijua. Nani atamwambia Wakuru kwamba uvimbe hauko kama sabuni? Sabuni ilipokosekana uchafu ulikaa pale pale ulipo, ukatungoja. Huu haungoji.

Basi nikaenda posta kukupigia. Unakumbuka ulivyonipigia kelele kwenye simu, na mimi nakupigia kelele, na foleni nzima inasikiliza? "Mama, haipo! Haipo bado! Iko kwenye vyombo tu, bado hatujampa mtu, na inaweza kuchukua miaka na miaka, na inaweza isifae. Mpeleke sasa hivi, wakitoe kinachotoleka!" Nikatoka pale, na Mama Masatu jirani yetu, si unamjua mdomo wake, ananiita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Profesa! Dawa imepakiwa kwenye ndege gani?" Siku nyingine ningemjibu mpaka ajute. Siku ile nilipita tu. Akajua kuna jambo, akanifuata mpaka nyumbani, akanisaidia kuteka maji bila kusema neno. Sikujua kama anaweza.

Nikamweleza Wakuru ulivyosema. Unajua alinijibu nini?

"Siku ya Pasaka ulisema dawa imekaribia, nikakuamini. Leo unasema haipo nikuamini pia? Wewe chagua moja."

Hapo alinipata, kabisa kabisa. Nikatoka nje nikang'oa magugu ambayo wala hayakuwepo.

Ndiyo maana nimesimama hapa kwenye kabati naandika. Nikikaa naona kama uvimbe unakua wakati nimekaa. Nimefagia uwanja mara mbili, nimepanga vyombo nikavipangua. Nakuandikia na sijui barua itaishaje. Mama Masatu amekuja kuazima kinu, nitarudi.

Nimerudi. Nyangeta, nimerudi na mikono ina matope, utayaona hapo pembeni ya karatasi, usifikiri ni posta wameichafua.

Nilipotoka kumpa Mama Masatu kinu nilipita kwenye kitalu. Unajua mwaka huu mvua zimenichanganya, nikachelewa kuhamisha kabichi. Miche imepitiliza, imekuwa na shingo ndefu, imebanana. Nikainama kung'oa mmoja uliokuwa pembeni, ukakatika mkononi. Nikasimama pale naangalia ule mche. Kisha nikamwita Wakuru kwa sauti ile ya kwetu nyumbani, sauti ya kuita mtu kama kuna nyoka. Akaja mbio na kisu chake cha mihogo.

"Nini?"

"Ning'olee ule wa katikati. Mmoja tu. Mzima mzima."

"Umeniitia hivyo kwa ajili ya kabichi?"

"Ng'oa."

Akainama. Wakuru anajua miche kuliko mimi, nakubali, ingawa hilo usimwambie. Akaingiza vidole pembeni, akachimbua kwa upole, akavuta. Likaja bonge zima la udongo. Mche wake umeng'ang'ania wa kushoto, wa kulia, na wa nyuma, mizizi imesukana kama nywele. Akajaribu kuiachanisha, ikakatika yote.

"Umechelewa," akasema. "Hii ulitakiwa uitoe zamani. Wakati kila mmoja umesimama peke yake unatoka na udongo wake, jirani hata hajui. Sasa hivi ukitoa mmoja unatoa na..."

Hakumaliza. Mwanangu, hujawahi kuniona nimenyamaza, na mimi sijawahi kujiona, lakini pale nilinyamaza. Akabaki amechuchumaa na lile bonge mkononi. Akaliangalia juu, akaliangalia chini. Akalirudisha shimoni, akalishindilia udongo kwa kiganja, kama vile litapona.

Halafu akaniuliza, "Basi la Mwanza linaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia alfajiri. Akasema, "Na titi likitolewa, mizizi yote itatoka?"

Nikasema sijui. Hapo wewe sikudanganyi, wala yeye sikumdanganya, wala kina mama wa jumuiya wanaosikiliza sasa hivi sitawadanganya. Sijui. Daktari naye huenda asijue mpaka afungue. Lakini leo ni bora kuliko keshokutwa, hilo kila mwenye kitalu anaelewa.

Kwa hiyo kina mama wa Makoko na Kamunyonge, na wewe wa Kisorya mwenye kuku, nisikieni. Dawa ya binti yangu haijafika. Haiko kwenye ndege wala kwenye meli. Iko kwenye kazi. Mwenye uvimbe asimngoje Nyangeta, aende akaonyeshe. Nyangeta mwenyewe kasema hivyo kwa kupiga kelele, na aliyepiga simu ile ni mimi.

Na wewe mwanangu, sasa nikuambie yaliyo moyoni. Najua ukisoma haya utataka kukimbia. Utataka kulala maabara, utaacha kula, utaharakisha mambo kwa ajili ya titi la mama yako mdogo. Nakujua, uliinywesha miche kwa huruma ikafa. Usifanye hivyo. Hiyo kamba yako ifumwe taratibu, ijue kutofautisha mkono wa kufunga na mkono wa kuacha, kama Wakuru alivyokuuliza. Ikichukua miaka, ichukue. Kuna mtoto sasa hivi anacheza na matope mahali fulani, siku moja ataihitaji, na atakuwa na mama mdogo wake. Mimi nitaendelea kujisifu kwa niaba yako, ila nitajisifu kwa tahadhari. Nitasema "anatafuta," na nitaongeza "bado."

Lakini sikufichi kwamba naogopa. Miaka yote ile tulipokuwa ukingoni, aliyetushika ni yeye. Yeye nani alimshika? Sikumbuki kama tulimuuliza. Alikuwa anafika na beseni, anacheka, anashika njia kurudi Butiama, na sisi tunabaki tumeshiba. Sasa ugonjwa umeota ndani yake na una wasaidizi wake, na yeye alikuwa anapambana nao peke yake kwa jiwe la moto. Basi mimi nitamshika upande wa kulia. Mama Masatu amesema anakuja na sisi mpaka Bunda, nafikiri atafika Mwanza, maana tayari ameshafunga kanga mpya. Wewe shika kutoka huko huko. Mwandikie. Mwandikie yeye, siyo mimi, kwa jina lake, barua ya kumchekesha. Uandike herufi kubwa asome mwenyewe.

Nimefunga mizigo nikafungua, nikafunga tena. Yeye hana wasiwasi, au anaona niwe nao mimi kwa niaba ya wote wawili. Ameniita sasa hivi nije kushika mdomo wa gunia. Unajua anapakia nini kwenda hospitali? Udaga. Nimemwambia, "Wakuru, Mwanza kuna chakula, maduka yamejaa, wewe mwenyewe umesema." Amenijibu, "Jaza. Huko wodini kuna watu wametoka mbali, nani anajua wamekula nini." Nikamuuliza wakitusimamisha njiani atasema kabeba nini.

"Dawa," amesema. "Safari hii nitasema ni dawa ya kweli, wanione mwongo."

Ngoja nikashike gunia. Lala salama mwanangu, wewe uliyebeba jina la mama yangu, na ukiamka kesho ujue sisi tuko njiani, dirisha la basi liko wazi, na mama yako mdogo anagombana na kondakta mahali pa kuweka mzigo.

Ni mimi mama yako,
na dada yake Wakuru.